Tikiti limepinda, nyuki hawakufika: maswali ya wakulima wa Mombasa

Nimepanda matikiti, yametambaa vizuri na maua yamejaa. Lakini vitunda vinageuka manjano na kudondoka vikiwa kama kidole gumba, na vinavyobaki vimepinda. Nimeongeza mbolea, sioni nafuu. (Mkulima, Mwakirunge)

Mbolea iache kwanza. Kesho ingia shambani saa kumi na mbili unusu asubuhi, maua yakianza kufunguka, uyatazame kwa karibu. Chini ya ua la kike utakuta kitunda kidogo chenye vinyweleo, kishapata umbo la tikiti. Ua la kiume halina kitunda, lina kikonyo chembamba tu, na katikati yake mna ungaunga wa manjano. Huo ndio chavua. Chavua ya tikiti ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuipeleka kwa ua la kike. Lazima abebe mdudu, na muda ni mfupi, kwani ua hufunguka asubuhi moja tu. Alasiri likifumba, limefumba.

Tena nyuki akifika mara moja haitoshi. Ua la kike lataka kutembelewa mara nane hivi au zaidi, ili chavua ienee pande zote. Upande uliokosa chavua haufanyi mbegu, na pasipo mbegu nyama ya tunda hainenepi, ndipo tikiti linapopinda. Ua lililokosa kabisa huangusha kitunda chake, kama unavyoona.

Kwa hiyo kaa kwenye tuta dakika kumi uangalie wanaokuja. Usipoona nyuki, tatizo lako umelipata. Kwa sasa fanya kazi yao kwa mkono: chuma ua la kiume lililofunguka asubuhi hiyo, ondoa petali, kisha lipanguse taratibu katikati ya ua la kike. Maliza kabla jua halijawa kali. Halafu jiulize unapiga dawa saa ngapi, maana wengi hupiga asubuhi, saa ileile nyuki wako kazini. Jambo hili linaniuma sana: mtu ananunua dawa kwa pesa yake kuwaua vibarua wanaomfanyia kazi bure.

Nisipopiga dawa wadudu watanimalizia matango. Nifanyeje? (Jomvu)

Piga, ila piga jioni, maua yakishafumba na nyuki wakisharudi mzingani. Epuka dawa za unga, kwa sababu nyuki huzikusanya mwilini pamoja na chavua na kuwapelekea watoto wao kwenye masega. Soma kibandiko pia. Dawa zenye imidacloprid hupenya ndani ya mmea hadi kwenye mbochi, yaani maji matamu ya ua, na chavua, hivyo hata ukipiga jioni nyuki atakunywa sumu kesho yake. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa mashamba ya wazi mwaka 2018. Mimi nisingeitia kwenye zao lolote linalokaribia kutoa maua.

Ni kweli nyuki wakiisha tutakufa njaa? (Mwanafunzi, Tudor)

Sima itakuwepo. Mahindi huchavushwa na upepo, mchele hujichavusha wenyewe, muhogo twapanda vijiti. Lakini pita Kongowea asubuhi uondoe mezani matikiti, maboga na matango, kisha upunguze maembe na kanju, uone soko litakalobaki. Kati ya mazao 115 makuu ya chakula duniani, 87 hutegemea wadudu au wanyama wengine kwa kiasi fulani ili yazae. Kwa uzito ni kama asilimia 35 ya mavuno yote, na humo ndimo zimo vitamini nyingi tunazokula.

Nyuki wa asali hafanyi yote peke yake, na wenzake nao wana haki yao. Kwenye maua ya mwembe nzi wana kazi kubwa. Pasheni huhudumiwa na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, basi msiwapige kwa ndala.

Nyuki wamejenga darini. Jirani anasema tuwachome kwa petroli. (Mji wa Kale)

Msithubutu. Nyumba zenu zimeshikana, na dari ni mbao. Tena nyuki akidunga huacha harufu inayowaita wenziwe, kwa hiyo mtaa mzima utaumia. Tafuteni mfugaji nyuki awahamishe jioni kwa moshi, na masega yatolewe yote, la sivyo kundi jingine litarudi papo hapo. Aliyedungwa akivimba uso au koo, au akipumua kwa shida, akimbizwe hospitali mara moja.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kuweka mizinga kwenye mikoko. Kuna faida? (Port Reitz)

Ipo. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, ukitoa maua nyuki huujaa, na wakati huo huo mashamba ya karibu yanapata wachavushaji, kwani nyuki huenda hata kilomita tatu kutafuta chakula. Wekeni mizinga juu kuliko maji ya bamvua, muitundike kwa waya uliopakwa grisi ili sisimizi wasipande, na muwe na chombo cha maji yasiyo na chumvi chenye vijiti vya kutulia. Msianze kabla ya kuonana na ofisi ya misitu, kwa kuwa mikoko ni msitu wa serikali. Na anzeni na mizinga michache hadi mikono izoee, maana nyuki wa pwani ni wakali.