Wasomaji Wauliza: Mgeni Akija Mara Moja Asirudi

Tuliomba maswali kuhusu makanisa machanga, yale yanayosali chini ya turubai, kwenye ukumbi wa kukodi au darasa la shule, ambako ibada ni ngoma, makofi na vigelegele na hakuna aliyevaa joho. Maswali yaliyofika karibu yote yanamhusu mgeni.

*

Kanisa letu lina mwaka mmoja na tunasali watu kama 120. Kila Jumapili tunawasimamisha wageni, wanajitambulisha, tunawaimbia na kuwapigia makofi. Wengi hatuwaoni tena. Tunakosea wapi?
*Mzee wa kanisa, Mbagala*

Mnakosea hapo hapo pa kuwasimamisha. Anayeingia kanisa geni mara nyingi ana mzigo: ndoa inayumba, kazi imeisha, au kwao hawajui kwamba amekuja kwenu. Alitaka kukaa nyuma asikilize. Ghafla anashikishwa maiki mbele ya watu 120, nusu yao wanarekodi kwa simu. Makofi yenu ni ya upendo, hatuna shaka, lakini yeye anachokumbuka akifika nyumbani ni jasho lililomtoka.

Tunajua kumtambulisha mgeni ni desturi yetu, na wapo wanaopenda kutoa salamu za kanisa walikotoka. Hao waulizwe mlangoni. Aliyekubali, jina lake liandikwe kwenye karatasi ipelekwe kwa mwongoza ibada, asiyetaka aachwe. Kwa wote inatosha kusema: "Kama leo ni mara yako ya kwanza hapa, karibu sana. Huna haja ya kusimama. Tukimaliza kuna chai pale chini ya mwembe, tungependa kukusalimia."

Ukaribisho wenyewe hufanyika dakika kumi kabla ya ibada na dakika kumi baada yake. Kwa watu 120, wahudumu sita wanatosha. Wawili wakae njia panda, pale bajaji na bodaboda zinaposhusha, maana kanisa changa halina mnara wala kengele na mgeni anaweza kulizunguka mara tatu akakata tamaa. Wawili wakae mlangoni. Mmoja awe upande wa watoto. Wa sita asipangiwe kituo: kazi yake ni kumtafuta mgeni aliyekaa peke yake na kukaa naye, amwoneshe choo kilipo, amfungulie Biblia, amweleze kinachofuata. Makanisa mengi hayana huyu wa sita, na ndiye anayemfanya mtu arudi. Ibada ikianza saa tatu, wote sita wawe wamefika saa mbili na robo.

Baada ya ibada ndipo mambo huharibika zaidi. Wahudumu wanakimbilia kupanga viti, wanakwaya wanakunja nyaya, mchungaji amezungukwa na wenye maombi, na mgeni amebaki amesimama na mkoba wake mkononi. Wekeni kanuni kwamba kwa dakika kumi baada ya amina ya mwisho haguswi kiti, na mhudumu haongei na mhudumu mwenzake mpaka kila mgeni awe amesalimiwa.

*

Vijana wetu wa mlangoni humsalimia kila mtu "Bwana Yesu asifiwe!" Mama mmoja mtu mzima aliondoka amenuna. Kuna ubaya gani?
*Msomaji, Morogoro*

Salamu yenyewe haina ubaya. Ila ni salamu yenye jibu, na asiyeizoea hajui ajibu nini. Halafu huyo mama amesalimiwa na kijana wa umri wa mjukuu wake bila shikamoo. Kwetu hilo ni jeraha, hata likisemwa kwa jina la Bwana. Kijana aanze na "Shikamoo mama, karibu sana", apokee marahaba yake, ndipo aendelee. Kwa rika lake, "Karibu, habari za asubuhi" inatosha. Kisha aulize jina na alirudie palepale: "Karibu mama Neema, pita huku." Jina lililotamkwa mara mbili halisahauliki upesi.

Wakumbusheni pia wasimpime mtu kwa mavazi. Dada aliyekuja na suruali asirushiwe kanga mlangoni. Na aliyeshuka kwenye gari zuri asipelekwe mbele huku wa kandambili akielekezwa nyuma. Yakobo 2 imelikataza hilo waziwazi.

*

Wageni hulalamikia kelele za spika. Tukipunguza sauti, wa nyuma hawasikii. Tufanyeje?
*Fundi mitambo wa kanisa, Tabata*

Spika zenu bila shaka zimekaa chini. Spika ya chini inawapiga walio mstari wa kwanza masikioni, na miili yao inaizuia sauti isifike nyuma. Zipandisheni kwenye stendi mpaka zipite vichwa vya watu waliosimama, ziinamisheni kidogo kuelekea katikati ya ukumbi, na ziwekeni mbele ya maiki, siyo nyuma yake, la sivyo zitapiga mluzi. Mkishapandisha mtaona mnaweza kupunguza sauti na wa nyuma wakasikia. Kipimo rahisi: kama unalazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, sauti imezidi.

Halafu angalieni viti. Wenyeji huwahi viti vya nyuma na vya pembeni, mgeni aliyechelewa anatembezwa mpaka mbele ya spika huku kila mtu akimwangalia. Fungeni kamba mistari miwili ya mwisho iliyo karibu na mlango, msiifungue mpaka nyimbo za kusifu zianze. Hiyo ni ya wageni, wazee na wenye watoto wachanga.

*

Mgeni atoe sadaka au asitoe? Kwetu vikapu vinapita mara nne.
*Mhazini, Mwanza*

Akipenda atoe, lakini asisukumwe. Mara nne ni nyingi kwa mtu asiyejua tofauti ya fungu la kumi, shukrani, ujenzi na mbegu; yeye anaona anadaiwa kila nusu saa. Wekeni bahasha zenye majina tofauti, kikapu kipite mara moja. Mwongozaji aseme wazi kwamba wageni hawadaiwi chochote. Na matangazo ya wageni yasikae jirani na sadaka, watu wataunganisha.

*

Tunaandika namba za wageni kwenye daftari, kisha tunawaingiza kwenye kundi la WhatsApp. Wengi hujitoa siku hiyohiyo.
*Katibu, Dodoma*

Mmewaingiza bila kuwauliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, namba ya dada wa watu kuonwa na watu 200 ni jambo zito. Acheni daftari la wazi ambalo kila anayeandika anasoma walioandika juu yake. Tumieni kadi ndogo: jina, mtaa, namba, na swali "Tukupigie? Ndiyo / Hapana". Mengine, ndoa na kazi na kanisa alikotoka, yatajulikana kwa mazungumzo.

Aliyesema ndiyo, atumiwe ujumbe Jumatatu jioni: "Habari dada Rehema, mimi ni yule tuliyekaa pamoja jana kanisani. Tulifurahi kukuona. Ukiwa na swali lolote, au jambo la kukuombea, niandikie." Aandike yule aliyekaa naye, mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Alhamisi apigiwe mara moja. Asipopokea, yatosha. Simu tano kwa wiki humfanya mtu abadilishe laini.

*

Roho akishuka watu hunena kwa lugha na wengine huanguka. Tumzimishe Roho kwa ajili ya mgeni?
*Mwimbaji, Mbeya*

Paulo aliligusa jambo hilohilo. Katika 1 Wakorintho 14 anasema wote wakinena kwa lugha, mgeni akiingia atawaona wana wazimu. Akaagiza wanene wawili au watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Kwa hiyo kumfikiria mgeni siyo kumzima Roho. Mwongozaji atumie nusu dakika kueleza: "Sasa tunaomba kwa sauti, kila mtu kwa namna yake. Ukitaka kukaa kimya, kaa kwa amani." Mgeni asiwekewe mikono bila kuulizwa, na paji la uso lisisukumwe. Kinachomtisha ni kutojua kama zamu yake inakuja.

*

Chai ya wageni 30 inataka nini?
*Mama wa huduma, Kibaha*

Maji lita sita, yaani chupa mbili za chai za lita tatu, tangawizi mbichi mbili za ukubwa wa kidole gumba zilizotwangwa, majani vijiko vitano vya chakula, maandazi 60. Sukari ikae pembeni, usiichemshe humo; katika watu 30 hakosi mwenye kisukari, naye hatasema. Chai iwe imechemka kabla ya mahubiri kwisha. Ikicheleweshwa dakika kumi na tano, mgeni yuko kwenye daladala.