Barua kwa mwanangu: karatasi inasema mzima, mkewe anasema amebadilika

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema sajenti mstaafu, miezi minne tangu avue kombati, ameletwa na mkewe kwenye ofisi yako ya ustawi wa jamii hapo Arusha. Ulimpa dodoso la kiwewe, PCL-5, akapata alama 14 kati ya 80. Mkewe anasema haongei, anafoka kwa mambo madogo, na jioni haonekani nyumbani. Unauliza umwamini nani, karatasi au mke.

Waamini wote wawili. Dodoso lile lina maswali 20 kuhusu mwezi uliopita, kila swali alama 0 hadi 4, na kazi yake ni kutafuta dalili za ugonjwa mmoja. Kwa kawaida tunaanza kushuku ugonjwa huo mtu anapofika alama 31 hadi 33. Sasa mtu anaweza kupata 14, na bado akawa hana sababu ya kutoka nje asubuhi, hana wa kuongea naye, anawaona raia wote wazembe, na moyoni ana kinyongo na namna alivyoagwa. Hayo dodoso halikuyauliza. Umepima kama anaumwa, hujapima kama ameingia uraiani. Vipimo vya hilo vipo.

Watafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani walichapisha kimoja mwaka 2011, kinaitwa M2C-Q. Kina maswali 16 kuhusu ugumu wa siku 30 zilizopita: kuelewana na mwenzi na watoto, kupata na kushika kazi, kushiriki mambo ya jamii, kujitunza, kuona maana ya maisha. Australia wana M-CARM ya mwaka 2020, maswali 21 yaliyogawanywa katika maeneo matano: kusudi na kuungana na watu, kuomba msaada, mtazamo juu ya raia, kinyongo na majuto, na mazoea ya kuishi kwa amri na ratiba. Mimi napenda zaidi hayo maeneo matano, kwa sababu yanakuonyesha mahali pa kuchimba. Lakini vyote viwili vilitungwa kwa askari wa kwao na maisha ya kwao. Usitafsiri usiku mmoja kisha ukatoa alama kana kwamba ni kipimo cha damu. Kama ofisi yenu inataka dodoso la kudumu, mtu mmoja atafsiri kuja Kiswahili, mwingine ambaye hajaona la awali arudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe, halafu msome swali kwa swali na wastaafu wachache mkiwauliza wamelielewaje. Kabla ya hapo, tumia maeneo yale kama mwongozo wa mazungumzo tu.

Sasa namna ya kuuliza, maana hapo ndipo kazi inapoharibika. Nadhani ulimpa karatasi ajaze mwenyewe. Askari akipewa fomu anaijaza kama amri: haraka, bila kuacha nafasi, na jibu lake la kwanza ni kwamba yuko sawa. Ukiona safu ndefu ya sifuri, usifurahi. Msomee maswali kwa sauti. Na usimuulize "kidogo, kiasi au sana", muulize siku. "Katika siku 14 zilizopita, ni siku ngapi hukupata hamu ya kitu chochote?" Akisema tisa, wewe ndiye unayejaza "zaidi ya nusu ya siku". Hilo linafaa hasa kwa PHQ-9, dodoso la sonona, ambalo limeshafanyiwa utafiti kwa Kiswahili hapa Tanzania: maswali 9, jumla 27, na kuanzia alama 10 unapaswa kumpeleka kwa daktari.

Mkalishe mahali anapouona mlango. Mwite afande mpaka mwenyewe aseme vinginevyo. Mweleze tangu mwanzo kwamba majibu hayaendi kikosini, na kwamba huhitaji kujua mambo ya operesheni: akisema "hayo ni mambo ya kazi", unaandika hivyo na kusonga mbele. Kama alipita kulinda amani Darfur, Sudan, au Kongo, jua kwamba Watanzania 7 waliuawa Darfur kwa siku moja Julai 2013, na kwamba Desemba 2017 kambi yao kule Semuliki, Kongo, ilishambuliwa wakafa wengi zaidi. Jua hivyo, ila usimchokonoe. Inatosha kuuliza kama aliwahi kuwa mahali ambapo yeye au mwenzake alikaribia kufa, na kama jambo hilo linamrudia. Swali la kama aliwahi kuua usiliulize kamwe. Halikusaidii kupima chochote, na linaweza kufunga mlango moja kwa moja.

Halafu mwambie: "Nipitishe Jumanne iliyopita, tangu ulipofumbua macho." Nyamaza, uandike saa. Mara nyingi inakuja hivi: ameamka saa kumi alfajiri bila kengele ya simu, amepiga pasi shati ambalo hana pa kulivaa, amefagia uwanja, amepanga viatu vya watoto mstari mmoja, saa kumi na mbili amekunywa chai. Saa moja watoto wameenda shule na mama yao ameelekea soko la Kilombero. Kuanzia saa mbili hadi saa kumi jioni kalamu yako haina cha kuandika. Saa kumi na moja yuko kilabuni. Ukurasa huo mmoja una habari kuliko alama 14 zote. Kuamka saa kumi na kupanga viatu ni mazoea ya miaka mingi, usiyaite ugonjwa. Kuamka saa nane usiku, kukagua komeo mara tatu na kushindwa kulala tena, hilo ni jambo jingine, liandike kando. Ule muda mtupu wa mchana, saa mbili hadi saa kumi, ndio unaopaswa kuushughulikia kwanza.

Hapo uulize ya kazi kwa uangalifu. Wastaafu wengi wa huku kwetu wanaingia kampuni za ulinzi, na kwenye fomu tunaandika "ana kazi, anajimudu". Mwanangu, lindo la usiku linaficha mengi. Mtu asiyeweza kulala analipwa kwa kutolala, anayeshtuka kwa kila mlio anasifiwa kuwa macho, asiyetaka watu anakaa peke yake getini hadi alfajiri. Muulize anavyokuwa siku ya mapumziko. Hapo ndipo utakapoona.

Pombe nayo inahesabiwa vibaya karibu kila mahali. AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la maswali 10, lilifanyiwa majaribio kwa Kiswahili hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa watu walioletwa na majeraha. Alama 8 kati ya 40 ni dalili ya hatari, 20 na zaidi ni pengine ameshakuwa mtegemezi wa pombe. Tatizo ni kwamba "kinywaji kimoja" cha dodoso ni gramu 10 hivi za kilevi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu karibu 20, kwa hiyo ni vinywaji viwili. Konyagi ya mililita 200, kwa asilimia 35, ni vitano na nusu. Akikuambia "bia tatu tu", andika sita. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo ngumu kabisa: nguvu yake hubadilika kwa mpishi na kwa siku, na kibuyu kinazunguka. Kwa mbege uliza alikaa saa ngapi, walikuwa wangapi, na alirudije nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila anayepima hulisahau, nalo ni masikio. Milio ya bunduki huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba: sauti za watoto, za wanawake, na herufi kama s, f na t. Mtu huyo anasikia kwamba umeongea, hasikii ulichosema. Kwenye kelele ndiyo anapotea kabisa, kwa hiyo anaacha harusi, anaacha jumuiya, nyumbani anajibu kwa ukali au hajibu. Mkewe anaita dharau, dodoso linaita kujitenga. Mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo akapimwe kwa mashine kabla hujaandika neno lolote kuhusu tabia yake. Uliza pia kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko au kugongwa kichwa akazimia, maana hilo nalo huleta hasira na usahaulifu.

Mke umsikilize peke yake, dakika 20 au 30, baada ya mume kukubali. Muulize siku ya kawaida ikoje, mumewe anaongea na watoto kwa namna gani, nani anashika fedha ya kiinua mgongo, na kama mumewe amewahi kumpiga au kumtishia. Swali hilo la mwisho usiliulize mume akiwa hata barazani. Ya mke usimpelekee mume, wala ya mume usimpelekee mke. Kumbuka pia kwamba mke mwenyewe amezoea kuendesha nyumba peke yake miaka yote mwenzake alipokuwa kambini. Sehemu ya ugomvi wao ni ya watu wawili wanaogombea usukani mmoja, na huo hauna dawa hospitalini.

Kadhalika mambo ya ardhi. Kama ni mtu wa huku mlimani na anapanga kurudi kwenye kihamba, shamba la ukoo, akakuta ndugu ameshajenga, hasira yake ina sababu nje ya kichwa chake. Andika hivyo, umwelekeze kwenye usuluhishi.

Kujiua utauliza wazi, hata kama swali la tisa la PHQ-9 amejibu sifuri. Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanajua, kwa hiyo wanaficha. Anza mbali: "Kuna wakati umeona heri usingeamka?" Akikubali, endelea: amefikiria njia gani, kitu hicho anacho, lini. Mtu wa lindo muulize silaha inalala wapi baada ya zamu. Akiwa na njia na nia, hatoki ofisini peke yake: mnaongozana naye hospitali ya Mount Meru siku hiyohiyo, na nyumbani kamba, dawa za kuulia wadudu na silaha vinaondolewa kabla hajarudi.

Kuhusu muda, miezi minne ni mapema mno kufunga faili. Miezi ya kwanza, kiinua mgongo kikiwepo na wageni wakija, wengi huwa kama wako likizo. Fedha ikipungua na simu za wenzake zikikatika ndipo uzito unapokuja. Dalili za kiwewe nazo zinaweza kukamilika baada ya miezi 6 au zaidi. Mpime tena akitimiza miezi sita na miezi kumi na miwili tangu astaafu, kwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, wewe mwenyewe kama inawezekana, ili uone mwelekeo.

Kwa wiki hii fanya hivi. Kwenye faili futa "hana tatizo", andika "dalili za kiwewe chini ya kiwango kwa sasa, tathmini ya kuingia uraiani haijakamilika". Chukua miadi ya masikio kwanza. Kisha muite kwa saa moja na nusu, simulizi ya Jumanne yake na AUDIT siku moja, PHQ-9 siku nyingine, usimchoshe. Na umuulize nani katika wenzake wa kikosi anaishi karibu na bado wanasalimiana. Akikutajia hata mmoja, mwombe ruhusa umpigie huyo. Wanajeshi wengi huanza kukubali msaada kwa mwenzao kabla ya kuukubali kwetu.

Ukikwama kwenye kuhesabu AUDIT niandikie, ila jina lake usiliweke kwenye simu.

Mama yako