Blogu ya mitindo: picha utazipata, habari ndiyo kazi

Mabinti wanaotaka kuanza kuandika kuhusu mavazi huniandikia mara kwa mara, na karibu wote swali lao la kwanza ni lile lile: dada, unatumia kamera gani? Natumia simu, tena kioo chake kina ufa. Kamera si shida. Shida inakuja pale nguo zako nzuri zote za kabatini zimeshapigwa picha, mwezi haujaisha, na huna tena cha kuandika. Hapo ndipo blogu nyingi hufia.

Hapa Dar es Salaam picha za nguo zimejaa tele. Andika "mishono ya vitenge" Instagram uone, utashusha mpaka kidole kiume. Nyingi zimetoka Lagos na Accra, zimehamishwa ukurasa hadi ukurasa mpaka jina la aliyeshona limepotea njiani. Wewe mgeni ukija na picha tupu, nani atakuona? Lakini yule dada anayetafuta gauni la sendoff ya mdogo wake bado ana maswali ambayo picha haijibu. Kitambaa hiki ni cha aina gani? Kwa mtu mwenye nyonga, zinatosha yadi ngapi? Fundi kachukua siku ngapi? Na kilipofuliwa, kilichuja?

Jibu hayo, utaona watu wanarudi.

Ili uyajibu, lazima ujue vitambaa, na darasa la vitambaa liko Kariakoo. Nenda maduka ya vitenge ya Mtaa wa Uhuru siku ya kazi asubuhi, kabla wauzaji hawajachoka na wateja. Geuza kitambaa uangalie nyuma: kitenge kizuri cha wax rangi yake inalingana pande zote mbili, wakati kile kilichochapwa kwa haraka mgongo wake umepauka. Ukinunua, chomoa uzi mmoja pembeni, toka nje uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika kwa kidole. Poliesta inayeyuka, inajikunja na kuwa kipunje kigumu cheusi. Jambo hili dogo likae kwenye blogu yako, kwa sababu muuzaji atakuapia kwamba zote ni pamba. Khanga nayo ikiwa mpya ina wanga: iloweke, ianike, ndipo uipeleke ikashonwe, maana gauni la khanga ambayo haijaloweshwa likifuliwa mara ya kwanza huweza kukubana kiunoni.

Kisha kuna fundi. Hakuna atakayekuvurugia ratiba kama yeye. "Dada, njoo kesho jioni, vimebaki vifungo tu." Unafika kesho jioni, kitambaa chako bado kimekunjwa vile vile ulivyokileta, na juu yake kuna sare za harusi ya watu wengine. Sikulaumu ukinuna, ila usikae bila kuandika wakati unasubiri. Gauni moja linatosha makala tatu. Ya kwanza ni ya kitambaa, ulichokilipia na ulichokikagua. Ya pili ni ya kwa fundi: vipimo, bitana, zipu, alivyokushauri mkono uwe mfupi kwa sababu kitambaa hakitoshi. Ya tatu uiandike baada ya kulivaa na kulifua, na hiyo ndiyo inayosomwa kuliko zote. Mwenye nguo chache anayeandika hivi atamshinda mwenye kabati lililofurika. Omba ruhusa kabla ya kumpiga fundi picha, na jina lake liandike kama anavyotaka liandikwe. Wengine hawapendi namba yao isambae, kazi zimewazidi tayari.

Mitumba ina mtego wake. Ukipata blauzi safi soko la Karume asubuhi belo linapofunguliwa, ni moja tu, msomaji hataipata hata akikimbia. Kwa hiyo usiandike sana kuhusu ile blauzi. Andika ulivyoichagua: ulivyokagua kwapa na kola, ulivyoivuta mishono uone kama inaachia, bei uliyotajiwa na ile uliyotoa. Huo ujuzi ataweza kuutumia hata soko la Memorial kule Moshi.

Kuhusu picha nitasema kidogo. Piga kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Jua la saa 7 linatia kivuli chini ya macho na paji la uso linang'aa. Ukuta mweupe nao unaidanganya simu, ngozi nyeusi inatoka nyeusi zaidi kuliko ilivyo, basi gusa uso kwenye kioo cha simu kabla hujapiga, au tafuta ukuta wa rangi nyingine. Ukienda Posta, katikati ya jiji, kupiga mbele ya majengo marefu, mlinzi atakuuliza kibali. Mwamkie, omba kwa adabu, akikataa ondoka. Kabla ya kupandisha picha ipunguze uzito: picha ya MB 4 inamla msomaji bando, naye atafunga ukurasa kabla haijafunguka. KB 200 zinatosha.

Picha za wenzio usichukue. Sheria ya Hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, na picha kuwepo Pinterest hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Na kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka hata wanablogu wawe na leseni, ada ya mwaka ikiwa shilingi milioni 1, na wengi walifunga blogu zao. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, mwaka 2020 na tena 2022, kwa hiyo usitegemee maneno ya WhatsApp. Soma toleo la sasa kwenye tovuti yao wenyewe, uone blogu yako inaangukia wapi.

Vichwa vya habari viwe vya kueleweka. "Gauni la kitenge kwa mama mjamzito" litatafutwa, "Ndoto za Jumapili" halitatafutwa na mtu.

Nyumbani watakuuliza kama unalipwa. Mwanzoni hulipwi, na ni vizuri mama alijue hilo mapema asije akadhani unamficha. Kinachotangulia fedha ni nguo za bure: duka linakutumia gauni na ujumbe, "tuandikie vizuri basi mpendwa." Hapa wageni wengi huona haya kukataa. Mimi huwajibu hivi: "Asanteni sana. Kwenye mstari wa kwanza nitaandika kwamba nimepewa, na nikilifua nitaeleza limetokaje. Kama hamjaridhika, semeni nilirudishe kesho kwa bodaboda." Wapo wanaonyamaza, wapo wanaotuma na la pili. Wanaotaka lirudi, nauli ya bodaboda ni juu yao.