Santuri za Injili Zenye Mdundo wa Fanki

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekusanya kwa muda mrefu santuri za fanki, muziki wa Wamarekani weusi wenye besi na ngoma nzito, za miaka ya 1970, na juzi nilisikia kwaya ya kanisa ikiimba juu ya besi nzito ajabu. Mbona santuri kama hizo ni adimu, nami nitazitambuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, nyingi hazikupita madukani kamwe: kanisa au mchungaji alijilipia kiwandani nakala chache, zikauzwa mlangoni baada ya ibada, kisha zikachakaa majumbani mwa waumini. Mchungaji T. L. Barrett wa Chicago alitoa yake mwaka 1971 akiwa na kwaya ya vijana, nayo ikachapishwa upya mwaka 2010, ingawa nakala za mwanzo bado ni ghali. Jalada lenye wanakwaya waliovaa majoho lisikudanganye, kwani mara nyingi ndani mna piano na ogani tu (nimenunua kadhaa za hivyo, nikajuta). Geuza nyuma usome majina ya wapigaji. Wakitajwa mpiga besi na mpiga ngoma, isikilize. Halafu ielekeze kwenye mwanga, usome namba zilizochongwa kwenye ukingo laini unaozunguka lebo, uzilinganishe na za toleo la kwanza.