Muulize Daktari: Je, daktari yeyote anaweza kusema marehemu alikufaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba alikutwa amefariki chumbani. Ripoti ya uchunguzi wa maiti inataja michubuko ndani ya shingo, na aliyesaini ni daktari wa kawaida. Kaka yangu anasema daktari ni daktari. Ni kweli? – Binti wa Marehemu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Hapo kaka yako amekosea.

Nilipokuwa najifunza patholojia, yaani fani ya kuchunguza magonjwa na chanzo cha kifo, niliwahi kuipasua shingo ya marehemu kabla ya kutoa ubongo na viungo vya kifuani. Nikaona damu nyuma ya umio, nikaanza kuandika “michubuko”. Mwalimu akanizuia. Damu ile niliivujisha mimi mwenyewe kwa kisu, maana mishipa ilikuwa bado imejaa. Shingo hupasuliwa mwisho, damu ikishachuruzika, tena tabaka kwa tabaka. Asiyefundishwa hivyo anaweza kuona kabali mahali ambapo haikuwepo, na mtu akaozea gerezani.

Ndiyo maana kazi hii ina safari ndefu: udaktari kwanza, kisha mafunzo ya patholojia ya miaka kadhaa, halafu ubobezi katika vifo vyenye utata. Marekani, kwa mfano, ubobezi huo huchukua angalau mwaka mmoja baada ya patholojia, na kuna mtihani wa bodi. Itifaki ya Minnesota, yaani mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vinavyotiliwa shaka, iliyohuishwa 2016, nayo inamtaja mwanapatholojia wa aina hiyo.

Wapo wataalamu wengine pia. Mkemia wa sumu hupima kilichomo kwenye damu, daktari wa meno hutambua mwili kwa meno, mtaalamu wa mifupa hukadiria umri na kimo. Kila mmoja ana masomo yake, na kila mmoja ana mpaka. Mimi namwogopa zaidi shahidi mwenye vyeti vingi anayejibu kila swali mahakamani kuliko yule anayesema, “Hilo si fani yangu.”

Sisemi ripoti ya baba yako ina kosa, sijaiona. Kupitia wakili wenu, ulizeni daktari huyo amesomea nini, shingo ilipasuliwa lini katika uchunguzi, na kama picha zilipigwa. Zikiwepo, mwanapatholojia mwingine anaweza kuzipitia. Kama hamjazika, ombeni uchunguzi wa pili sasa hivi, na mwakilishi wa familia awepo.