Monita zangu mpya za masikioni: dakika ya kwanza nilidhani nimeibiwa

Kifurushi kilinifikia Alhamisi jioni. Ndani mna kikasha kigumu cha ukubwa wa kiganja, kijifuko cha kunyonya unyevu, kijiti cha kutolea nta, na vitu viwili vinang'aa kama peremende: cha kulia kina alama nyekundu, cha kushoto bluu. Ndizo monita, vispika vya kuvaa sikioni ili mwanamuziki ajisikie jukwaani, nilizochongewa kwa umbo la masikio yangu mwenyewe. Nilidunduliza karibu mwaka mzima, na bei yake ingenipatia pikipiki ya mkono wa pili. Nikaketi kitandani, nikazivaa, nikafungulia muziki. Haikupita dakika nikawa na hakika kwamba nimeibiwa.

Besi haipo! Mimi napiga gita la besi kwenye bendi ya dansi hapa Dar, mwaka wa kumi na sita huu. Wimbo ukinipotea wote, besi nitaisikia tu. Sasa upande wa kulia ilikuwa inanong'ona, upande wa kushoto ni bati tupu. Nikaanza kutunga kichwani ujumbe mkali wa kuwaandikia waliozitengeneza.

Wanamuziki wenzangu wakisikia ninazo, swali lao ni moja: "Kaka, zinalia vipi?" Siku hizi nawajibu kwamba kwanza uliza zimekaa vipi. Monita za namna hii zinategemea hewa iliyofungiwa kati ya kispika na kiwambo cha sikio. Ukibaki upenyo mwembamba kama unywele, besi ndiyo inayovuja kwanza, na sauti nyembamba zinabaki palepale. Kwa hiyo ukizivaa ukasikia sauti kavu, ya juujuu, usiseme spika mbovu. Umezivaa vibaya.

Mimi nilizisukuma moja kwa moja, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlangoni. Sivyo. Unaingiza ncha ikiwa imeinamia mbele kidogo, kisha unaizungusha polepole kuelekea nyuma mpaka ijifungie, huku mkono wa pili umevuka juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma. Jirani akikuona dirishani atadhani unapiga yoga. Nilipofanya hivyo, besi iliingia kama maji yaliyofunguliwa bombani, nikacheka peke yangu. Nikaufuta ule ujumbe.

Kabla hujaweka muziki tena, kaa kimya dakika tano. Feni ilikuwa inazunguka juu yangu bila sauti, bodaboda zinapita barabarani kama picha ya video iliyozimwa sauti. Kilichobaki ni mwili wangu: mate nikiyameza yanaunguruma, nikitembea kila kisigino ni pigo la ngoma, nikisema "haloo" sauti inatokea ndani ya fuvu kama nimeingia kwenye pipa. Wengi hapo hushtuka. Ni kawaida: sauti yako inasafiri kwenye mifupa hadi kwenye tundu la sikio, na mlango wa kutokea umeuziba. Ukipiga muziki kidogo tu inapungua, na baada ya siku tatu nne unaizoea. Usipoizoea, hasa kama wewe ni mwimbaji, zungumza na waliozitengeneza juu ya ncha ndefu zaidi, maana inayofika kwenye sehemu ngumu ya tundu hupunguza huo mvumo.

Sasa muziki. Ushauri wa kwanza: achana na zile rekodi za kuonyeshea mitambo, zenye glasi zinazopasuka na chui anayepita kushoto kwenda kulia. Zimerekodiwa ili kila kifaa kisifiwe. Chukua kitu unachokijua hadi pumzi. Mimi nilichukua rekodi za dansi zilizofanywa Radio Tanzania miaka ya 1970 na 1980, bendi kama NUTA na Mlimani Park, ambazo nimejifunza nazo besi kwa kurudisha kanda nyuma kwa kalamu. Nilichokisikia kilinikalisha. Gita la ridhimu, ambalo miaka yote kwangu lilikuwa ukungu nyuma ya solo, lilisimama peke yake na kamba zake. Nikasikia ukucha ukigusa kamba, tumba ikivutwa kwa kiganja kabla ya kupigwa. Na nikagundua kwamba noti moja ya besi niliyoipiga majukwaani miaka kumi na zaidi haimo kabisa kwenye wimbo ule. Niliibuni mwenyewe kwa sababu sikuwahi kuisikia besi ya wimbo ule vizuri. Hakuna aliyewahi kunisahihisha, jambo ambalo linasema mengi kuhusu bendi yetu.

Lakini usitegemee zitapendezesha kila kitu. Nilijaribu santuri za zamani za taarab, enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na nilichopata kwanza ni mikwaruzo ya sindano, mikubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. Faili za muziki zilizobanwa sana, zile za kutumiana kwenye simu, upatu wake unasikika kama mtu anakaanga dagaa. Hata kompyuta yangu ya zamani, ambayo siku zote niliiona safi, ilikuwa na "shhhhh" ya kudumu chini ya muziki, kwa sababu vispika hivi vinahitaji umeme kidogo mno na vinaokota kila uchafu wa mtambo. Usiku ule niliorodhesha makosa ya watu wengine nikasahau kusikiliza nyimbo. Ugonjwa huo upo, nakutahadharisha.

Pia usizilinganishe na hedifoni zako za zamani kwa haraka. Nilipofanya hivyo mpya zilishinda kwa mbali, halafu nikagundua zilikuwa zinalia kwa nguvu zaidi kwa kipimo kilekile cha simu. Sikio la binadamu ni jepesi kudanganyika; kinacholia kwa nguvu kidogo linakiita kizuri. Nilipozishusha mpaka zikalingana, zilishinda bado, lakini kwa mambo mawili matatu: utulivu, kutenganisha magita, na mwisho wa noti za besi. Kwenye sauti za waimbaji hedifoni zangu kuukuu zilikuwa sawa nazo, pengine tamu zaidi.

Kwenye huo utulivu ndipo penye faida ambayo wauzaji hawaisemi vya kutosha. Jukwaani, drams zikiwa mita mbili nyuma yako, unapandisha monita ya chini, ile spika ya sakafuni inayokuelekea, ili ujisikie, mwenye solo naye anapandisha amplifaya yake, na usiku unaishia kwa masikio kupiga filimbi mpaka asubuhi. Monita iliyokaa vizuri inazuia kelele za nje kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 na zaidi, kwa hiyo unaweza kusikiliza kwa upole. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya kazini, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni dakika 15. Sisi tunapiga kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane. Piga hesabu mwenyewe.

Ila zinaweza pia kukuua masikio vizuri tu, maana kispika kiko ndani kabisa. Usiku wa kwanza nyumbani mke wangu aliniuliza kitu nikamjibu, akaja mpaka mlangoni: "Baba, mbona unafoka? Watoto wamelala." Sikuwa nafoka. Nilikuwa nimepandisha muziki bila kujua. Na tafadhali, usitoe moja ukabakiza nyingine ili usikie watu: lile sikio lililobaki utalipandishia mara mbili, na lililo wazi linapigwa na drams. Ukijiona umetengwa na ukumbi, mwombe fundi mitambo aweke maiki moja ielekee kwa watazamaji na akuchanganyie kidogo. Na mwambie aweke limita, kifaa cha kuzuia sauti isipande kupita kiasi; siku maiki ikianguka utamshukuru.

Jumamosi nikazipeleka kazini. Nusu saa ya kwanza raha. Kisha kikaja kiitikio, nikafungua mdomo, besi ikatoweka upande wa kushoto. Nikafunga mdomo, ikarudi. Nikafungua, ikaondoka. Nikamtazama fundi mitambo, yeye akanitazama kama mtu aliyeonewa. Kumbe taya likishuka, tundu la sikio linabadilika umbo, na upande wa kushoto palikuwa panafunguka.

Chanzo kilikuwa kule nilikopimwa umbo la masikio. Kliniki wanaingiza kwanza kisponji chenye uzi ili kuzuia silikoni isifike kwenye kiwambo, kisha wanasindilia silikoni laini, unasubiri dakika tano hivi igande. Mhudumu alikuwa mwema, ila alinipima kama mzee anayetengenezewa kifaa cha kusaidia kusikia: mdomo umefungwa, usiongee. Kwa mwanamuziki, na zaidi anayeimba, sema mapema kwamba ni monita za jukwaani, uliza kama kisponji kimepita kona ya pili ya tundu, na omba kung'ata kile kipande kinachoacha mdomo wazi mpaka silikoni igande. Kabla hawajazituma hizo silikoni zilizoganda kwa watengenezaji, ziangalie: zikiwa na mapovu au ncha fupi, zirudiwe palepale. Na ulizia muda wa marekebisho kabla ya kulipa. Wengi wanatoa kama siku 30, na zinaanza kuhesabika wakati wewe bado unashangaa rangi zake.

Nilipimwa upya, mdomo wazi, mate yananitiririka mbele za watu. Ya kushoto ikarudi ilikotoka, mimi nikapiga wiki tano na monita ya chini kama zamani. Iliporudi niliizungusha kwa nyuma, nikavuta sikio, nikapanda jukwaani. Kiitikio kikafika, nikafungua mdomo wote. Besi ikakaa. Fundi mitambo akaninyanyulia dole gumba toka kule kwenye mikisa, mtambo wake wa kuchanganyia sauti. Nikamgeuzia langu chini: shusha kidogo.