Maswali Yenu: Mkunazini, Karatasi ya Uhuru na Ekari Tatu

Utumwa Zanzibar si uliisha 1873? Mbona wengine wanasema 1897?

Kila mwaka nalijibu swali hili. Mkataba wa Juni 5, 1873, kati ya Sultan Barghash na Waingereza, ulifunga soko la watumwa la Mkunazini, mjini Zanzibar, na kupiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini. Aliyelala mtumwa shambani aliamka mtumwa. Walimu, nawaomba mlisahihishe hilo darasani.

Basi 1897 wote wakawa huru?

Hapana. Amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 6, 1897 iliufutia utumwa nguvu ya kisheria, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake. Fidia alilipwa bwana. Aliyeachwa huru alipaswa kuonyesha ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Kodi nayo ikamngoja. Ardhi hakupewa. Mama aliyepalilia mikarafuu miaka ishirini angekwenda wapi na karatasi ile ya uhuru? Wengi walibaki palepale, kibanda na shina la muhogo katikati ya mikarafuu ya bwana, kwa ridhaa ya bwana. Masuria, ambao amri iliwaweka kando, walisubiri hadi 1909.

Kuna sikukuu ya taifa ya kukumbuka mwisho wa utumwa?

Hakuna, na ingefaa iwepo. Agosti 23 ni siku ya UNESCO, inayokumbuka uasi wa watumwa wa Haiti, 1791.

Utumwa unahusiana vipi na madaraka na uhuru?

Kwa ardhi. Madaraka ya ndani yalikuja Juni 24, 1963, uhuru Desemba 10, na Mapinduzi Januari 12, 1964. Serikali ya Mapinduzi ilitwaa mashamba, ikawagawia watu ekari tatu tatu. Kwa mjukuu wa yule mama, hapo ndipo mikarafuu ilipokuwa yake. Naliheshimu jambo hilo kwa moyo wote. Lakini damu iliyomwagika Januari ile nayo tuitaje, na anayemwita jirani yake "mtoto wa mtumwa" au kumdai jirani mwenye asili ya Kiarabu deni la mababu asitegemee nimuunge mkono.

Naruhusiwa kupiga picha kwenye mnara wa kumbukumbu ya watumwa, Mkunazini?

Unaruhusiwa. Ila zile sanamu zilizosimama shimoni zimefungwa shingoni minyororo ya chuma halisi. Nimewahi kumwona kijana akiinama aipate vizuri sura yake kwenye simu, mnyororo ukining'inia nyuma ya sikio lake. Simama kimya kwanza, uwatazame nyuso, ndipo utoe simu.